Neno Lisilo na Kwao: Uhakiki wa Vitabu vya Kuandalia Mtihani wa Kiingereza

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma, mavazi na mapishi peke yake. Umo pia katika namna watu wa taifa hilo wanavyosoma: wanasoma nini, kwa lugha gani, kwa kusudi gani, na nini hubaki vichwani mwao baada ya kitabu kufungwa. Kwa sababu hiyo tumeona si vibaya, katika mkusanyiko uhusuo utamaduni, kuzungumzia aina moja ya vitabu ambavyo wahakiki wetu hawajavitupia jicho, ijapokuwa vijana wetu hukesha navyo. Navyo ni vitabu vya kujiandalia mtihani wa Kiingereza kwa wale watakao kuingia masomo ya shahada ya uzamili katika vyuo vikuu vya ng'ambo.

Huenda msomaji akauliza sisi tuna haki gani ya kusema juu ya jambo hili. Elimu yetu ni ya sekondari, kazi yetu ni ya mafaili ya serikali, na mapenzi yetu ni ushairi. Hatukupata kuufanya mtihani huo, wala hatuutarajii. Lakini mtunzi wa mashairi ni mtu aishiye kwa maneno, na vitabu hivi hudai kuuza maneno. Basi ni halali kwa mnunuzi kuikagua bidhaa kabla hajatoa fedha. Na fedha, kama itakavyoonekana, zilikuwa zetu.

1. Chanzo cha makala haya

Mtoto wa dada yetu ni mhitimu wa sayansi ya udongo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hapa Morogoro. Kwetu Uluguru mtoto wa dada si mtoto wa mtu mwingine. Ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mjomba ana wajibu juu ya mpwawe ambao hawezi kuukwepa kwa kisingizio cha mshahara mdogo. Siku moja jioni alikuja nyumbani, akatuamkia, akakaa kimya kitambo, kisha akasema: "Mjomba, nimepata mahali pa kuombea masomo Marekani, lakini kuna mtihani."

Mtihani wenyewe hujulikana kwa herufi zake tatu, GRE. Ulianzishwa Marekani mwaka 1936, kwa majaribio yaliyofanywa na vyuo vikuu vichache vya mashariki ya nchi hiyo. Una sehemu ya hesabu, sehemu ya maneno na usomaji, na sehemu ya kuandika. Ada yake ni zaidi ya dola 200 za Kimarekani, fedha ambazo kwa mtumishi wa ngazi ya chini hukaribia au hupita mshahara wa mwezi mzima. Hesabu haikumtisha kijana. Kilichomtisha ni maneno.

Akatoa katika mkoba wake kitabu kinene, kimechoka jalada, alichokinunua kwa muuza vitabu vilivyotumika. Karibu nusu ya kurasa zake zilikuwa orodha ya maneno ya Kiingereza kwa mpango wa alfabeti, kila neno na maana yake fupi pembeni. Kijana alikwisha kukariri mpaka herufi ya E. Alikuwa amekonda.

2. Kitabu chenyewe

Tulikiomba kitabu hicho tukakisoma kwa majuma mawili, kwa msaada wa kamusi. Ni wajibu wa mhakiki kutaja sifa kabla ya kasoro, nasi tutafanya hivyo.

Sifa ya kwanza ya vitabu vya namna hii ni uwazi. Havimwahidi msomaji hekima wala burudani. Vinasema vitamvusha mtihani, basi. Sifa ya pili ni ukarimu wa mazoezi, kwani mwanafunzi asiye na mwalimu hupata humo maswali mengi, na majibu yake yameelezwa. Sifa ya tatu ni kwamba vifungu vya usomaji vilivyomo huchotwa katika fani nyingi: historia, elimu ya viumbe, sanaa, uchumi. Kijana wa sayansi aliyezoea kusoma juu ya udongo tu hulazimika kusoma juu ya muziki au maisha ya mchwa. Hilo ni jema.

Kasoro zake ni nzito zaidi. Kitabu kile kilichapishwa kabla ya mwaka 2011. Katika mtindo wa zamani wa mtihani huo palikuwa na maswali ya aina mbili yaliyotegemea neno likiwa peke yake. Aina ya kwanza ilimtaka mtahiniwa ataje kinyume cha neno alilopewa. Ya pili ilimpa maneno mawili yenye uhusiano, akatakiwa atafute mawili mengine yenye uhusiano kama huo. Mnamo Agosti 2011 watungaji waliziondoa aina zote mbili. Badala yake waliongeza maswali ya kujaza pengo katika sentensi na kuupa usomaji wa vifungu uzito mkubwa zaidi. Hata mizani ya alama ilibadilishwa: zamani kila sehemu ilipimwa toka 200 mpaka 800, na sasa ni toka 130 mpaka 170.

Kwa maneno mengine, watungaji wa mtihani wenyewe walikiri kwamba neno lililong'olewa katika sentensi si kipimo kizuri cha akili ya msomi. Lakini vitabu vya zamani havikufa siku ile. Viliendelea kusafiri katika marobota na mikoba, vikatolewa nakala, vikauzwa barazani. Mpwa wetu alikuwa ametumia miezi minne kujifunza kinyume cha maneno kwa ajili ya maswali ambayo hayapo tena. Tulipomwambia, hakusema kitu. Alikifunga kitabu, akakiangalia jalada, akatafuta mwaka wa kuchapwa, akauona.

Tunawaomba walimu wawafundishe wanafunzi jambo hili dogo: kabla ya kusoma kitabu cha maandalizi, wafungue ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu na kuangalia mwaka. Ni kazi ya nukta chache, nayo ingemwokolea kijana miezi minne.

3. Neno na kwao

Tuseme kitabu kingekuwa kipya. Je, njia ya orodha ingefaa? Hapa ndipo tunapotaka kusimama zaidi, maana orodha zingali zinachapishwa, na katika shule zetu za sekondari zingali zinanakiliwa ubaoni.

Katika orodha ya mpwa wetu lilikuwamo neno "laconic". Pembeni yake yaliandikwa maneno mawili matatu yenye maana ya fupi, yasiyo marefu. Kijana akalikariri. Juma lililofuata akaandika insha ya mazoezi juu ya kilimo cha milimani, na humo akasema kwamba mvua za vuli za mwaka ule upande wa Matombo zilikuwa "laconic". Tulicheka, naye akacheka kwa heshima, lakini hakujua kosa liko wapi. Na kwa kweli, kwa kuiangalia orodha, kosa halikuwapo. Mvua zilikuwa fupi, na neno lilikuwa na maana ya fupi.

Kosa ni kwamba neno lile lina kwao, na kijana hakupelekwa huko. Latokana na Lakonia, nchi ya Wasparta wa Uyunani ya kale, watu waliosifika kwa kusema machache na kwa mkato. Kwa hiyo ni sifa ya usemi na ya msemaji. Mvua haiwezi kuwa nayo, kwani mvua haijajizuia kusema. Mtu aliyesikia habari za Wasparta mara moja tu halisahau neno hilo, wala halitumii vibaya. Mtu aliyelikariri mara mia pembeni mwa maana yake hulisahau baada ya mtihani, na kabla ya mtihani hulivalisha mvua.

Ili tusionekane tunawasema Waingereza tu, natuchukue neno letu wenyewe lililokwenda kwao. Neno "safari" limo katika kamusi za Kiingereza. Lakini lilipofika huko lilibanwa: aghalabu Mwingereza akilisikia huona mbuga, hema, darubini na simba. Sasa mchukue mwanafunzi wa Ulaya aliyelijua neno hilo kwa orodha, umlete katika ofisi yetu hapa Morogoro. Atasikia kwamba mhasibu yuko safarini Dodoma, kwamba posho ya safari haijatoka, kwamba marehemu fulani ameanza safari yake ya mwisho. Atastaajabu simba wanaingiaje katika mambo hayo. Sisi tunamwona mjinga. Lakini ndivyo tuonekanavyo nasi tunapoyatumia maneno ya wenzetu tuliyoyapata kwa orodha.

Wala hatusemi haya kwa kujitoa. Tulipokuwa vijana, tukianza kupeleka mashairi magazetini, tulikuwa na daftari la maneno ya kale tuliyoyaokota katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotolewa mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Tuliyapachika kila penye vina vigumu. Mzee mmoja mshairi, aliyetuzidi kwa umri na kwa fani, alilisoma shairi letu akaturudishia karatasi, akasema: "Mwanangu, maneno nimeyaona. Aliyeyasema sijamwona." Tuliona uchungu kwa muda mrefu, mpaka tulipoelewa. Mpwa wetu hakufanya kosa jipya. Alilirithi kwa mjomba.

Mfano wa kinyume chake tunao katika historia ya nchi yetu. Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ikachapishwa mwaka 1963, na baadaye akatafsiri ile ya mfanyabiashara wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969. Katika orodha yoyote ya maneno, neno la Kiingereza lililo katika jina la tamthilia hii ya pili lingeandikiwa pembeni "mfanyabiashara". Mwalimu hakuliandika hivyo. Aliandika "Mabepari wa Venisi", miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mtu anaweza kukubali au kukataa uteuzi huo, na wahakiki wengi wamebishana juu yake. Lakini hakuna awezaye kusema ulitoka katika orodha. Ulitoka kwa msomaji aliyejiuliza: watu hawa katika tamthilia hufanya nini hasa, na kwa wasomaji wangu jina gani litawafichua? Huko ndiko kujua neno.

4. Kifungu cha mmomonyoko

Sasa tuingie katika usomaji wa vifungu, jambo ambalo, kama tulivyosema, ndilo lenye uzito katika mtihani wa sasa. Humu tulikuta jambo ambalo hatukulitarajia, nalo lilitufunza sisi kuliko lilivyomfunza kijana.

Katika mazoezi palikuwa na kifungu juu ya mmomonyoko wa udongo katika nchi za milima. Mwandishi wake alishikilia kwamba chanzo kikubwa ni kukatwa kwa misitu, akitaja sababu nyingine kwa kupita tu. Tulifurahi. Tulidhani hapa kijana atapata alama zote, kwa kuwa somo hilo ndilo taaluma yake, na milima yenyewe anaiona kila aamkapo. Alikosa maswali karibu yote.

Tulikaa naye tukapitia swali moja moja. Swali lilisema: kwa mujibu wa mwandishi, sababu kuu ni ipi? Kijana alichagua jibu lililotaja mteremko mkali na udongo mwembamba. Tukamwuliza kwa nini. Akajibu: "Kwa sababu ndiyo kweli, mjomba. Mimi nimepima." Na huenda kwa Uluguru ilikuwa kweli. Lakini hakuulizwa kweli. Aliulizwa mwandishi amesema nini. Alikuwa ameusoma mlima badala ya kukisoma kifungu.

Hapo tulikumbuka habari aliyokuwa akitusimulia mama yetu, ambaye alikuwa msichana wa Matombo katika miaka ya 1950. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Maofisa walikuwa na vitabu vyao, na katika vitabu hivyo matuta ni dawa. Katika nchi nyingine yamekuwa dawa kweli. Lakini udongo wa Uluguru, sehemu nyingi, ni mwembamba. Ukiukata mteremko kufanya ngazi, unaufukia udongo wenye rutuba na kuuleta juu ule wa chini usiootesha kitu. Wakulima walisema hivyo. Hawakusikilizwa, maana hawakusema kwa lugha ya vitabu. Mwezi Julai 1955 pakatokea ghasia huko Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukavunjika.

Tunayaweka mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Mpwa wetu aliusoma mlima asikisome kifungu, akapoteza alama. Maofisa wale walikisoma kifungu wasiusome mlima, na roho ya mtu ikapotea. Makosa haya si sawa kwa uzito, lakini ni ndugu. Msomi wa kweli ni yule awezaye kusema: huyu mwandishi amesema hivi, mimi naona vile, na tofauti yetu iko hapa. Mtahiniwa asiyejua kutenga mambo hayo hataelewa hoja ya mtu asiyekubaliana naye. Na mtaalamu asiyejua kuyatenga ataamini kila kilichochapwa.

Kwa hiyo, ingawa tulikianza kitabu kile kwa shuku, lazima tukiri kwamba katika vifungu vyake limo jambo la thamani. Maswali ya namna hiyo hufundisha adabu ya kusikiliza kwanza. Kasoro ni kwamba yanaishia hapo. Hayamwulizi msomaji kamwe: je, mwandishi amesema kweli? Mtihani hauwezi kuuliza hivyo, kwa kuwa hauna njia ya kulisahihisha jibu. Mwalimu anaweza, na ni lazima aulize.

5. Tulifikaje hapa

Baadhi ya wasomaji watasema: dawa ni kuachana na Kiingereza. Wengine watasema: dawa ni kuongeza Kiingereza tangu utotoni. Hatutaki kuumaliza ubishi huo katika kurasa hizi, lakini hatuwezi kuupita kimya.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, ilhali sekondari na vyuo vimeendelea kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kipandishwe mpaka sekondari na juu zaidi; pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza mashuleni mwetu. Waliona kwamba wanafunzi walio wengi hawakuwa na uwezo wa kusoma masomo yao kwa lugha hiyo. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, ukaja mradi wa msaada wa Uingereza wa kutia nguvu somo la Kiingereza, pamoja na masanduku ya vitabu vyembamba vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi.

Sisi ni wa rika hilo. Tulikuwa sekondari tukifundishwa baiolojia kwa lugha ambayo mwalimu na mwanafunzi walikutana nayo darasani tu, kama watu wawili wanaojuana kazini wasiotembeleana. Kwa hiyo tulikariri. Kukariri hakukuwa uvivu wetu. Kulikuwa njia pekee ya kuvuka. Na mtu aliyevuka mto kwa kukariri akiwa na miaka kumi na minne, usimshangae akiwa na ishirini na sita akinunua orodha ya maneno yapatayo 3,500.

Lakini natuutazame upande wa pili pia, nao uko hapa hapa Morogoro. Pale Mazimbu, mahali ambapo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilijenga shule kwa ajili ya vijana wake waliokimbia nchi baada ya maasi ya Soweto ya mwaka 1976. Shule ilianza mwaka 1978, ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979, na mwaka 1992 majengo yakakabidhiwa kwa serikali yetu. Vijana wa Soweto walikuwa wameingia mitaani kwa sababu ya kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana. Wao walisoma Mazimbu kwa Kiingereza, na kwao lugha hiyo haikuwa mnyororo bali ngazi ya kuukwea ukuta. Kwa hiyo mtu asiseme kwa pupa kwamba lugha fulani ni ya utumwa na nyingine ni ya uhuru. Inategemea nani kaichagua na kwa kazi gani.

Mpwa wetu ameichagua kwa kazi. Anataka kurudi na ujuzi wa kuuhifadhi udongo wa milima inayolisha mto Ruvu, ambao ndio unaonywesha Dar es Salaam. Hatuwezi kumkataza Kiingereza kwa jina la utamaduni, kisha tukalalamika kwamba wataalamu wa milima yetu wanatoka nje.

6. La kufanya

Baada ya kukiweka kando kitabu kile, tulifanya kazi pamoja kwa miezi mitano. Tutaeleza kwa ufupi tulivyofanya, maana walimu wanaweza kuyatumia haya bila fedha nyingi.

Kwanza, tuliifuta orodha, tukaanzisha daftari la sentensi. Kila neno geni aliloliona kijana katika kitabu halisi aliliandika pamoja na sentensi nzima aliyolikuta ndani yake, na chini yake akaisema sentensi hiyo kwa Kiswahili chake mwenyewe. Akishindwa kuisema kwa Kiswahili, tulijua hajaielewa, hata kama angeweza kutaja maana ya kila neno. Baada ya siku tatu alirudia, kisha baada ya juma, kisha baada ya mwezi.

Pili, alitafuta jamaa za maneno. Mswahili hapaswi kuiona kazi hii kuwa ngeni. Anayejua "soma" amekwisha kuijua milango ya somo, msomi, usomaji, kisomo, somesha na someka. Kiingereza nacho kina mashina, mengi yao ya Kilatini na Kiyunani. Shina moja la Kilatini lenye maana ya kuandika limezaa "describe", "prescribe", "inscription" na "manuscript". Mwanafunzi aliyelijua shina hujifunza maneno manne kwa bei ya moja, na la tano akikutana nalo njiani hulitambua kwa sura ya ukoo.

Tatu, alisoma vitabu vya Kiingereza vinavyohusu kwao. Kipo kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke juu ya ardhi na siasa miongoni mwa Waluguru, kilichochapishwa mwaka 1960, ambamo habari za matuta zimeelezwa kwa kirefu. Kijana alikisoma kwa hamu kama asomavyo barua ya nyumbani. Alibishana na waandishi pembeni mwa daftari lake, akampelekea bibi yake maswali Matombo, akarudi na majibu. Maneno magumu yaliyokuwamo humo hayakuhitaji kukaririwa, maana kila moja lilikuwa limeketi mahali anapopajua.

Nne, na hili ndilo tungependa walimu wa Kiswahili walizingatie, tulirudi kwenye ufahamu wa Kiswahili. Tulichukua mashairi ya mafumbo, hotuba na tahariri za magazeti, tukamwuliza maswali yale yale ya mtihani: mwandishi asema nini? Amedokeza nini bila kutamka? Anamsifu mtu huyu au anamkejeli? Umejuaje? Mwanzoni alikosea hata kwa Kiswahili. Hilo lilituonyesha kwamba ugonjwa haukuwa wa Kiingereza peke yake. Alikuwa hajazoeshwa kusoma kwa kuuliza, kwa lugha yoyote. Alipozoea kwa lugha aliyoimiliki, mazoezi yake ya Kiingereza yalipanda pia. Hatudai kwamba hili ni uchunguzi wa kitaalamu, lakini ndivyo tulivyoona kwa macho yetu, meza moja, taa moja.

Tunajua wapo wenzetu watakaosema kwamba haya yanahitaji muda, na mtihani haungoji. Ni kweli. Aliyebakiwa na majuma mawili na akariri anachoweza, hatutamlaumu. Sisi tunasema na mwalimu wa kidato cha pili, ambaye muda anao.

7. Tamati

Kijana aliteremka Dar es Salaam akafanya mtihani. Katika hesabu alipata vizuri sana, katika maneno alipata wastani, wala si zaidi. Hatukuficha masikitiko yetu, kwa kuwa fedha zilikuwa za mjomba na matumaini yalikuwa ya mama yake. Katika miaka ya karibuni vyuo vikuu vingi vya Marekani vimeacha kuudai mtihani huo, vikisema hautabiri vya kutosha nani atafaulu, navyo huwafungia mlango wasio na uwezo. Kijana ametuma maombi kwa vyuo vya aina zote mbili, na tunangoja.

Wakati tunangoja, ameombwa kufundisha kwa muda katika sekondari moja ya kata upande wa milimani. Juzi alitupigia simu kutuambia kwamba siku yake ya kwanza alikuta ubaoni orodha ya maneno ishirini ya Kiingereza, na wanafunzi wameinamia madaftari wanainakili. Alifuta kumi na tisa. Lililobaki lilikuwa "terrace". Akawatoa nje, akawaonyesha mlima ulio mbele ya shule, akawauliza kama kuna aliye na bibi anayekumbuka mwaka 1955.

Kabla hajaondoka nyumbani tulimwandikia beti moja katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake la sentensi. Kwa kuwa ametuomba ruhusa ya kuwasomea wanafunzi wake, tunaiweka hapa pia kwa ajili ya wenzao wa shule nyingine:

Neno lisilo na kwao, halimfai msomi,
Hulibeba kama ngao, likakwama kwa ulimi,
Soma vyako, soma vyao, ndiyo njia ya usemi,
Mbegu ndani ya kifuko, bado hazijawa shamba.